Vidole Vitatu Vinatosha: Kuinua Gari Kuukuu kwa Fedha Kidogo, Afungi

Kabla hujaulizia bei ya springi Pemba ya Msumbiji au Mtwara, tafuta sakafu ya saruji iliyolala sawa. Katika rasi ya Afungi, kaskazini mwa Msumbiji, hilo si jambo dogo: kutoka Quitunda hadi Maganja unakanyaga mchanga, na gari lililosimama juu ya mchanga halipimiki. Nenda Palma, omba nafasi kwenye uwanja wa kituo cha mafuta au mbele ya ghala. Nyoosha usukani, kisha pima kwa futi kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu kupanda juu hadi ukingo wa madigadi. Usipime kutoka chini, maana tairi lililolika au lililopungua upepo litakudanganya. Andika namba nne, moja kwa kila gurudumu. Halafu pakia mzigo wako wa kila siku, pima tena, uandike nne nyingine.

Namba hizo ndizo zitakazokuambia kama gari lako linahitaji kuinuliwa au linahitaji kurudishwa tu. Hilux LN106, ile yenye ekseli nzima mbele iliyoanza kutoka mwaka 1988, au Land Cruiser HZJ75 ya miaka ya 1990, imeshabeba saruji, samaki, abiria na mapipa ya maji kwa miaka thelathini. Pipa moja la lita 200 ni kilo 200 za maji kabla hujahesabu bati lake. Springi iliyokunjuka kwa mizigo ya namna hiyo haikupi kimo ilichokuwa nacho ikiwa mpya, na mwenye gari huliona limelala akadhani limeumbwa fupi. Upande mmoja ukiwa chini ya mwenzake kwa zaidi ya milimita 15, acha kabisa habari ya kuinua mpaka ujue sababu: bapa la springi limevunjika, bushi imekwisha, au chesisi imepinda. Msumbiji usukani uko kulia kama Tanzania, kwa hiyo mara nyingi upande wa dereva ndio unaotangulia kulala.

Ushauri wangu, na wapenda magari marefu watanuna, ni huu: lirudishe gari kwenye kimo cha kiwandani, kisha ongeza milimita 50, yaani upana wa vidole vitatu, usipite hapo. Ndani ya kipimo hicho propela, fimbo za usukani na sehemu nyingi za asili huendelea kufanya kazi kwa marekebisho madogo. Ukivuka, kila sentimita inadai kifaa kingine, na bajeti ndogo uliyoanza nayo itakuwa imekwenda na maji.

Kuna sababu nyingine ya kutopenda makubwa. Tangu vita vilipoingia mkoa huu wa Cabo Delgado mwaka 2017, na hasa baada ya shambulio la Palma la Machi 2021, kuharibikiwa njiani huku si usumbufu tu. Kuna nyakati ambapo magari kwenye barabara ya N380 yamekuwa yakipita kwa misafara inayolindwa na askari, na msafara haukusubiri wewe uchomoe bolti iliyokatika. Gari fupi linalofika ni bora kuliko refu linalolala njiani, Awasse.

Kinachopanda na kisichopanda

Watu wengi hulipia kuinua gari ili difu isiburuze kwenye tuta la mchanga lililo katikati ya njia. Ukiinua springi za gari lenye ekseli nzima, bodi na chesisi hupanda, lakini difu hubaki pale pale, kwa sababu difu imekaa kwenye ekseli na ekseli imekaa kwenye magurudumu. Kinachoinua difu ni tairi peke yake, tena kwa nusu ya nyongeza ya kimo chake. Tairi la 205R16, lililokuja na Hilux nyingi za zamani, lina kimo cha milimita 742 hivi. La 235/85R16 lina 806. Tofauti ni 64, kwa hiyo difu hupanda 32. Hakuna springi itakayokupa hizo 32.

Springi inakupa mambo mengine. Inakupa nafasi ya kufunga tairi hilo refu bila kukwaruza madigadi ukikata kona, inainua tumbo la gari, yaani gia boksi, bomba la moshi na tangi la mafuta, na inaipa ekseli nafasi ya kucheza kabla haijagonga mpira wa kuzuia. Pua na mkia wa gari navyo hupanda, na hilo utalishukuru unaposhuka kwenye kijito kilichokatwa na mvua. Maji ni habari nyingine. Njia ambazo mvua za Desemba hadi Aprili huzigeuza madimbwi hazipitiki salama kwa sababu tu umeinua gari, kwani mdomo wa hewa ya injini umepanda vidole vitatu vile vile, si zaidi.

Springi za bapa

Hapa ndipo fedha yako itakapokaa au itakapopotea, basi twende polepole.

Springi za bapa ni yale mapande ya chuma yaliyopangwa kwa safu, refu juu na fupi chini, yakabanwa kwa bolti moja ya katikati. LN106 na HZJ75 zinazo mbele na nyuma. Land Cruiser za 78 na 79 zilizotoka kuanzia 1999 zina koili mbele na bapa nyuma tu. Land Rover za Series zina bapa pande zote. Defender ina koili.

Kabla ya kununua chochote, ingia chini na nyundo ndogo. Gonga chesisi kuzunguka masikio yanayoshika springi. Chumvi ya bahari ya pwani hii hula chuma kutoka ndani, na rangi ya juu inaweza kung'aa huku ndani kumebaki unga. Sauti ikiwa ya kufa badala ya kulia, au nyundo ikiacha shimo, fedha ya kuinua iende kwanza kwa mchomeleaji. Springi mpya kwenye sikio lililooza itang'oa sikio hilo.

Njia iliyo bora, ukijaliwa, ni seti nzima ya springi mpya au zilizotumika kidogo za gari lile lile. Njia ya pili ni kuongeza bapa moja. Hapa mafundi wengi hukosea kwa nia njema: wanachukua bapa fupi nene la lori, wanalisukuma chini kabisa ya safu, na gari linapanda kweli. Bapa fupi na gumu hulazimisha mapande ya juu kukunjika mahali pamoja, pale linapoishia, na ndipo bapa kuu litakapovunjika. Unataka bapa refu, linalokaribia urefu wa bapa kuu, lenye unene usiozidi wa wenzake, likae la pili au la tatu kutoka juu. Gari halitapanda sana, pengine milimita 25 hadi 40, lakini litapanda bila kuwa mkokoteni. Kama gari lako hutembea tupu siku nyingi, usiongeze bapa nyuma kwa ajili ya mzigo wa siku moja. Litaruka kwenye kila tuta na kupoteza mshiko.

Njia ya tatu ni kukunja upya springi zilizochoka. Mwulize fundi atafanyaje. Akisema atazipasha kwa gesi mpaka ziwe nyekundu, azikunje, aziache zipoe zenyewe, mshukuru uondoke. Chuma cha springi kina ugumu wake uliotiwa kiwandani kwa moto na kupozwa kwa kipimo; kikipashwa na kuachwa kipoe chenyewe huwa laini, na gari litalala tena kabla mvua hazijaanza. Mwenye tanuru, anayezamisha chuma kwenye mafuta kisha kukipasha tena kwa joto dogo, ndiye anayejua kazi. Kukunja kwa nyundo bila moto, pigo moja moja kando ya bapa, hufaa pia, ila kimo chake hakidumu kama cha springi mpya.

Kurefusha shakeli, zile sahani mbili zinazoshika mwisho mmoja wa springi, ni njia rahisi kuliko zote, na kwa hiyo hutumiwa ovyo. Shakeli huinua nusu ya urefu ulioongeza: ukiirefusha milimita 50, gari litapanda 25. Usivuke hapo. Sahani ziwe nene kama za asili au zaidi, ziunganishwe kwa kipande cha kati ili zisiyumbe, na bolti ziwe zenye alama ya 8.8 au juu yake kichwani; bolti isiyo na alama haina mahali kwenye kazi hii. Mbele uwe mwangalifu zaidi. Kwenye LN106 shakeli za mbele zimekaa mwisho wa mbele wa springi, na ukizirefusha unaisokota ekseli. Magurudumu hurudi yenyewe katikati baada ya kona kwa sababu ekseli ya mbele imeegemea nyuma kidogo. Ukiinyima mwegemeo huo, usukani utatangatanga kwenye lami na mikono itachoka kabla hujafika Mueda. Dawa ni kabari za chuma za nyuzi mbili hadi nne kati ya springi na ekseli, kabari zilizochongwa kwa kazi hiyo, si vipande vya bati vilivyokunjwa.

Tofali la chuma kati ya springi na ekseli linaruhusiwa nyuma tu, moja kila upande. Mbele hapana, hata kidogo, kwa sababu breki na usukani vinaisokota ekseli ya mbele na tofali linaweza kuchomoka. La mbao halifai popote. Mawili, moja juu ya jingine, hayafai popote. Najua umeyaona kwenye magari yanayotembea; pia umeyaona magari yaliyopinduka.

Bolti za U zinunuliwe mpya. Za zamani zimeshavutika nyuzi zake, na ukiongeza bapa au tofali hazitafika hata hivyo.

Koili na fimbo za kusokota

Wenye Defender, Prado au Land Cruiser ya 80 wana kazi nyepesi zaidi. Spesa ya milimita 20 au 30 juu ya koili itakurudishia kimo kilichopotea, ila koili ikiwa imechoka spesa inaficha ugonjwa tu. Koili mpya zenye nguvu kidogo kuliko za asili ni bora. Usikubali vipande vya mpira vya kusukumwa katikati ya mizunguko ya koili. Vinainua gari dukani na kuivunja koili njiani. Gari lenye koili mbele na ekseli nzima lina mkono wa chuma unaoishika ekseli isisogee kushoto au kulia, na bodi ikipanda mkono huo huivuta ekseli upande mmoja. Kwa milimita 50 msogeo ni mdogo, lakini upime, usiukisie.

Pajero, L200 na Hilux za zamani zenye magurudumu ya mbele yanayocheza kila moja peke yake zina fimbo ndefu za chuma zinazosokotwa. Unakaza bolti moja kila upande na pua inapanda bila kutumia hata metikali moja. Ndiyo maana watu hupitiliza. Kila milimita unayopandisha unaitoa kwenye nafasi ya gurudumu kushuka, na shafti za mbele zinapinda zaidi, kwa hiyo mipira yake hupasuka na mchanga kuingia. Milimita 25, kisha nenda kapangwe magurudumu. Inatosha.

Shokapu, breki na vitu vinavyosahauliwa

Ukiinua gari na kuacha shokapu zile zile, shokapu itageuka kuwa kamba ya kuzuia ekseli isishuke, na itang'oa mshikio wake. Huhitaji shokapu za bei ya juu, unahitaji zenye urefu sahihi. Fungua shokapu, shusha ekseli mpaka mwisho wake, pima umbali kati ya mishikio miwili. Kisha pandisha ekseli kwa jeki mpaka iguse mpira wa kuzuia, pima tena. Shokapu unayoitafuta ifunguke ndefu kuliko kipimo cha kwanza na ijifunge fupi kuliko cha pili. Ukiwa na namba hizo mbili na aina ya mshikio, jicho au msumari, unaweza kupata shokapu ya gari lingine inayofaa kwa bei nafuu.

Hozi za breki zitazamwe ekseli ikiwa imeshuka kabisa, usukani umekatwa mpaka mwisho kushoto, halafu kulia. Zikikaza kama uzi wa gitaa, zinunuliwe ndefu. Bomba la kupumulia la difu nalo hung'oka kimyakimya, na ukivuka kijito difu hunyonya maji. Kipande cha bomba la mpira, kipandishwe hadi karibu na injini, ni kazi ya dakika chache na ya fedha ya chai.

Jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulipita ni vali ya breki za nyuma. Chini ya Hilux na Land Cruiser nyingi kuna kijiti cha chuma kinachotoka ekseli ya nyuma kwenda kwenye vali iliyo kwenye chesisi. Mkia ukishuka kwa mzigo, kijiti huiambia vali ipeleke nguvu zaidi ya breki nyuma. Ukiinua gari, vali inaamini gari halina kitu siku zote, na breki za nyuma zinapungua nguvu hata ukiwa umejaza samaki mpaka juu. Sogeza mshikio wa kijiti hicho kwa kiasi kile kile ulichoinua. Usikifunge kwa waya, usikitoe.

Upepo wa tairi kwanza

Nimeweka hili mbali lakini kwa njia za mchanga za Senga na Olumbe ndilo la kwanza. Mchanga haushindwi kwa kimo, unashindwa kwa tairi lililolala. Shusha upepo mpaka psi 18 hadi 22, kama bar 1.2 hadi 1.5, na alama ya tairi chini itakuwa ndefu; gari litaelea pale lilipokuwa likijichimbia. Endesha taratibu, usikate kona kwa ghafla, tairi lisije likatoka kwenye rimu. Ukifika kwenye lami au udongo mgumu, jaza tena kabla tairi halijapata moto. Pampu ndogo ya betri na kipimo cha upepo cha kuaminika vinagharimu sehemu ndogo ya bei ya springi. Kama fedha yako inatosha kitu kimoja tu mwaka huu, nunua hivyo.

Baada ya pampu, fedha iende kwa bushi, kisha shokapu, kisha springi, tairi refu mwisho. Bei sitazitaja, kwa sababu metikali na shilingi hazitulii na kila muuzaji ana yake. Pemba na Nampula utauliza molas na amortecedores, yaani springi na shokapu, na chukua namba ya chesisi iliyo kwenye livrete, yaani kadi ya gari, kwa sababu muuzaji anayeuza kwa jina la gari tu atakupa ya mwaka mwingine. Gerezani, Dar es Salaam, kuna vifaa vingi vya Toyota za zamani, ila hesabu usafiri na ushuru kabla ya kufurahia bei: springi ni mzigo mzito, na mto Ruvuma unavukwa ama kwa maji upande wa Namoto na Kilambo ama kwa Daraja la Umoja, Negomano, lililofunguliwa mwaka 2010, ambalo kwa mtu wa Palma ni safari ya kwenda bara kwanza.

Kazi yenyewe

Jeki juu ya mchanga huzama, na gari hushuka. Weka ubao mgumu mpana chini yake, angalau kama mlango wa dirisha dogo, na chesisi ikishainuka iegemeze kwenye stendi zilizo juu ya mbao nyingine. Hakuna anayeingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa kuokota nati. Ukifungua bolti ya katikati ya springi, bana mabapa kwa klempu kwanza, kwa kuwa yameviringwa kwa nguvu na yakiachiwa huruka. Yasugue, toa kutu, usiyapake grisi: grisi hukamata mchanga wa Afungi na kuwa msasa.

Bolti za macho ya springi na shakeli zikaze kwa mkono tu mpaka gari litue chini kwa uzito wake. Ukizikaza gari likiwa hewani, bushi za mpira zitabaki zimesokotwa na kukatika upesi. Likishatua, tikisa bodi, kisha ndipo ukaze kwa spana ya kipimo. Bolti za U zikazwe kwa mshazari, kidogo kidogo, na zirudiwe baada ya kilomita 100 na tena baada ya 500. Rudi kwenye sakafu ile ya saruji upime zile namba nne. Tarajia springi mpya zishuke kidogo ndani ya majuma ya kwanza.

Taa za mbele zishushwe, vinginevyo utawapofusha waendao kwa miguu kila usiku. Kwa siku chache za kwanza endesha bila mzigo juu ya keria. Gari limepanda, uzito wake umepanda nalo, na kona uliyozoea kuikata kwa mwendo ule haikujui tena.

Vya zamani usimwuzie mnunuzi wa chuma chakavu vyote. Bakisha bapa kuu moja lisilo na ufa, na bolti ya katikati, ongeza jozi ya bolti za U mpya, uvifunge nyuma ya kiti pamoja na klempu. Bapa kuu likikatika kati ya Palma na Nangade, unalifunga la akiba kando ya lililovunjika kwa klempu na minyororo, unapunguza mzigo, na unatembea kwa gia ya pili mpaka kijiji chenye mchomeleaji.